Kwa Sudi, Wiki ya Zamu za Usiku

Sudi, umenipigia saa nne usiku kuniuliza
mtoto hupimwaje homa kama kipimajoto hakuna.
Kwa shavu, si kwa kiganja. Kiganja chako kimezoea spana,
kitakudanganya. Weka shavu tumboni mwake,
subiri pumzi tatu.
Likikuunguza usinipigie mimi. Mbebe, nenda zahanati,
na kadi ya kliniki ikae mfuko uleule siku zote,
si leo juu ya friji, kesho chini ya godoro.

Na mengine, maadamu Zulekha yuko kiwandani
mpaka Jumapili:

ndoo funika. Hata yenye maji robo.
Hasa yenye robo. Mtoto wa umri wake hutumbukia kwa kichwa
na hapigi kelele. Watu husubiri kelele.

Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda.
Najua ni ya kuwashia mkaa tu, najua umeiweka juu.
Juu kwako. Kwake kuna stuli.

Uji usiukoroge huku unatazama mpira,
uji una wivu kuliko mke.

Umeme ukikatika usiseme "Aah!"
Sema, "Haya, tuhesabu,"
mhesabu hadi uipate tochi.
Tausi wangu mpaka leo anaamini
umeme wa Mbagala hurudi kwenye arubaini na saba,
na siku moja ulirudi kweli, akaniangalia
kama fundi anavyomwangalia mwanafunzi.

Kuna moja sijawahi kukusimulia.

Tandika, Jumamosi ya mwisho kabla ya Idi.
Niliuachia mkono wake nipapase kitambaa cha suruali,
nione kama kitachuja.
Suruali sikununua. Mkono haukuwepo.
Niliita mpaka jina likawa si jina,
likawa sauti tu, kama ya wauza maji.

Muuza viatu alikuwa amemsimamisha juu ya meza yake,
katikati ya raba za mtumba, anamuuliza:
Baba yako anaitwa nani?
Baba.
Mnakaa wapi?
Nyumbani.
Naye akatangaza kwa ile sauti yake ya mnada:
"Jamani, nani Baba wa Nyumbani?"
Watu wakacheka. Mimi nikafika, sikucheka.
Nikampiga, Sudi. Mbele ya watu, kofi,
mtoto wa miaka mitatu na nusu.

Yule bwana akamshusha polepole,
akamvalisha kandambili iliyokuwa imedondoka,
ndipo akaniambia, bila ukali:
"Kaka, aliyepotea ni wewe. Huyu alisimama palepale."

Kwa hiyo mfundishe jina lako, lile lililo kwenye kitambulisho.
Mfundishe namba ya simu wakati wa kumuogesha,
ukiigonga mgongoni kwa kidole, tarakimu moja moja,
sifuri ni duara la povu.
Tausi huitamka hata usingizini.
Mtandao huu unanila salio bila haya
lakini laini sibadilishi, siwezi tena.

Na ukimkosea, muombe radhi.
Chuchumaa kwanza, magoti yalie, macho yalingane.
Sema "nimekosa" halafu nyamaza.
Usiweke "lakini" nyuma yake.
Mimi ilinichukua siku mbili kupata maneno hayo mawili
(la pili ni "mwanangu"),
naye akanisikiliza mpaka mwisho,
akanipa biskuti, upande alioulamba.
Nikaila. Ukipewa, ile.

Namsikia hapo nyuma yako, analia
kile kilio cha usingizi, si cha njaa. Usiwashe taa.
Chandarua kichomeke pande zote nne,
hata ule wa ukutani usiofika mkono; sogeza kitanda.

Kata simu basi.
Na wewe hujala. Sufuria usiioshe bado,
ukoko wa uji ni wako.